Asubuhi Waliyompiga Mwakio

Mghoi mwanangu,

Umepanda mlimani Bura kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mpaka ule na ubebe mzigo wa kula njiani. Nyumba imetulia. Sanduku lako liko mlangoni na sitalifungua kuangalia kama umeweka sweta. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kunipigia simu ukifika Ujerumani, yote tumeshayaongea. Nimekaa hapa mezani jua likishuka ili nikuandikie jambo ambalo nikitaka kulisema mdomo hukauka, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwepo.

Ni ile asubuhi waliyompiga Mwakio. Uliiona ukivuta mkono wangu. Mimi niliiona jiwe likiwa mkononi. Hapa Voi watu wanapenda kunisimulia kama mama shujaa aliyemwokoa mwanafunzi wake, na mara nyingine nimenyamaza nikawaacha waseme. Sitaki uondoke na hadithi hiyo. Unaenda kufundishwa utafiti, na siku moja utapewa vijana wako uwafundishe. Jua mama yako alivyowafundisha wake.

Hesabu mimi nilijifunza kwa fimbo. Kule mlimani mwalimu wetu alituita ubaoni mmoja mmoja, na aliyekosa alishika ukingo wa dawati. Siku moja alimpiga msichana niliyeketi naye, Saru, mpaka mkojo ukamtoka mbele yetu. Saru hakurudi shule. Baada yake niliitwa mimi, na nikapata jibu. Kwa miaka mingi niliamini kuwa nilipata jibu kwa sababu ya fimbo. Nilimsahau Saru kabisa. Sikuwahi kujiuliza yeye angejua nini leo.

Hata hivyo, niliporudi kutoka masomoni na chuo kikatupa kile chumba kilicho nyuma ya karakana, niliapa sitamgusa mwanafunzi hata kwa kidole. Na sikumgusa. Nilitumia mdomo.

Unakumbuka tulivyoanza. Nyinyi vijana wachache, laptopu za kuungaunga, na kompyuta ya kwanta iliyo ng'ambo, ambayo tulikuwa tunaifikia kwa intaneti tukipewa zamu. Kazi yetu ilikuwa kuiuliza mashine swali dogo la kemia na kuona kama jibu lake linaaminika. Pale sokoni walidhani tunacheza kamari ya mtandao. Siku ya kwanza niliwaambia kwamba mashine hizi za sasa bado ni changa. Kyubiti, vile vipande vidogo vinavyobeba hesabu, husahau upesi sana. Joto kidogo tu, mtikisiko kidogo tu, na jibu limeharibika. Ndiyo maana tunauliza swali lile lile maelfu ya mara, tunatazama majibu yanavyotawanyika, na hatusemi tunajua kitu mpaka tujue tunakosea kwa kiasi gani. Niliyasema hayo vizuri, hata mimi nilijipenda. Kisha Mwakio akaniletea majibu yaliyotawanyika nikamrarua.

Unamjua alivyo, mrefu, mpole, anayeongea na watu huku akitazama viatu vyake. Alikuwa ameshinda na ile kazi bila kulala vizuri. Nilitazama michoro yake nikamwambia mbele yenu wote, "Hii ni takataka. Kama saketi ndogo hivi imekushinda, rudi Rukanga ukafukuze ndovu shambani kwa mama yako. Huko angalau utafaa."

Hakuna aliyecheka. Mwakio alikusanya karatasi zake akasema, "Sawa, Madam."

Baada ya hapo akaleta majibu mazuri ajabu. Mistari imenyooka, jibu limekaribiana na lile la vitabuni. Nilimsifu. Jioni hiyo tulikuwa jikoni, wewe ukiosha vyombo, ukaniambia bila kugeuka, "Mama, namba za Mwakio ni safi kupita kiasi. Ile mashine haiwezi kutoa namba kama hizo."

"Unasema amedanganya?"

"Nasema anakuogopa."

Nikakasirika. Nikakwambia mimi simpigi mtu. Ukasema, "Najua humpigi. Lakini ukipita nyuma yake anajikunja."

Nilimwita ofisini kesho yake. Hakubisha. Alikuwa amechagua yale majibu yaliyomfaa na kuyatupa mengine yote. Nilipaswa kumuuliza ni nani aliyemfundisha kuuonea haya ukweli. Badala yake nilimwambia arudie kazi yote upya, na kwamba zamu yetu ya mashine ingekuwa Jumamosi asubuhi. Sikumwomba msamaha. Wazo lenyewe halikunijia.

Juma hilo ndilo walilomuua mlinzi wa maduka, yule mzee aliyekuwa anasalimia kila mtu kwa jina. Wezi walivunja duka la kutengeneza simu, wakabeba simu na kompyuta, naye wakamkata kwa panga akabaki pale mlangoni mpaka kulipokucha. Mji wote ulichafukwa. Ulihisi hata ukienda kununua mkate. Watu walikuwa wanakutazama mikono.

Jumamosi hiyo stima zikapotea chuoni. Hapa nyumbani tuna paneli za jua, kwa hivyo nikampigia Mwakio, ambaye alikuwa analala bwenini karibu na kile chumba, nikamwambia atubebee laptopu zote aje nazo. Ulikuwa umekaa karibu nami, ulisikia. Alisema, "Madam, si tungojee watu waamke vizuri? Huku nje si kuzuri tangu ile stori ya mlinzi. Ama uje na gari?"

Nikamjibu, "Gari iko kwa fundi, na zamu haikungoji wewe. Unataka kunirudishia takataka tena?"

Akasema, "Sawa, Madam." Ile sawa yake.

Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa hivyo nakuandikia kama alivyosema. Alikuwa amefika karibu na vibanda vya kando ya reli ya zamani, mfuko mkubwa begani. Kijana wa bodaboda akamuuliza amebeba nini. Akasema kompyuta. Za nani? Za Madam. Madam nani? Na hapo, mwanangu, akafanya kile alichozoea kufanya kila mtu akimuuliza kwa ukali. Akatazama viatu vyake akanyamaza. Mimi ndiye niliyemzoesha kwamba akiulizwa kwa sauti hiyo, lolote atakalojibu ni kosa.

Benja, yule fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa anafungua kibanda chake. Alikuja na kipande cha chuma. Mwakio anasema hakuona chuma kikija. Alisikia tu kama mlango mkubwa umefungwa ndani ya sikio lake.

Tulipoona amechelewa tukatoka kumlaki, na tulisikia kabla hatujaona. Halikuwa neno. Ilikuwa sauti ya watu wengi wakihema pamoja, na katikati yake kitu kikigongwa, kikigongwa. Ulianza kukimbia kabla yangu. Nilipofika, Mwakio alikuwa chini kwa ubavu, shati limepasuka mpaka kiunoni, amekinga kichwa kwa mkono wa kulia na mtu anaukanyaga. Vidole vyake viligeukia upande ambao vidole havigeuki. Laptopu moja ilikuwa wazi kwenye vumbi, kioo kimepasuka. Kulikuwa na harufu ya petroli. Mtu alikuwa anakuja akisukuma tairi kama mtu anayepeleka tairi kuzibwa, hana haraka, na hilo tairi ndilo lililonitoa akili.

Wewe ulienda kwa Mwakio. Mimi sikuenda kwa Mwakio. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu watu husema nilijilaza juu yake. Aliyejilaza juu yake ni wewe. Mimi niliona Benja ameinua chuma tena, nikaokota jiwe, nikampiga nalo mdomoni.

Nilisikia meno. Alianguka kwa magoti, mikono mdomoni, damu ikipita katikati ya vidole, na chuma kikaanguka kando. Alikuwa ameshaacha. Hakuwa na kitu mkononi. Nikampiga tena, kwenye taya, na taya likaenda upande. Alipoanguka chali nikamwinamia nikainua jiwe kwa mikono miwili. Sikuwa nimepofuka kwa hasira, kama watu wanavyosema. Niliona vizuri sana. Niliona kovu la moto kwenye shingo yake, niliona kifungo cha ovaroli kinachoning'inia, na nilitaka afe. Kulikuwa na raha katika hilo, Mghoi. Sijawahi kumwambia mtu. Mwili wangu wote ulikuwa mwepesi, na nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa kitu chochote maishani.

Na wakati mimi nafanya hayo, hakuna hata mmoja aliyeacha kumpiga Mwakio. Ukumbuke hilo watu wakikusifia jiwe langu. Mtu alisema, "Na huyu mama ni mwenzake," na teke la kwanza likanipata mgongoni. Wakakupiga na wewe, ukiwa juu ya Mwakio. Kama ingeishia kwenye jiwe langu, tungechomwa watatu.

Wewe ndiye uliyekuwa unasema. Nilikusikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Ulikuwa unasema jina lake, la baba yake, la kijiji chao. "Huyu ni Mwakio. Mwakio wa Rukanga. Mama yake anauza ndengu. Hizi kompyuta ni za chuo. Muulizeni mtu yeyote wa Rukanga." Ulirudia na kurudia, sauti ikikukauka, na kila uliporudia ulikuwa unamtazama mtu mmoja usoni. Mpaka mama mmoja wa mboga akaja akisukuma watu kwa kikapu, akainama, akampangusa damu kwa leso yake apate kuuona uso.

"Huyu ni mtoto wa jirani yangu," akasema. "Nimembeba mgongoni huyu. Mnamuua kwa nini?"

Alisema polepole, akingoja kweli kujibiwa. Yule mwenye tairi aliliegemeza ukutani. Mwenye chupa ya petroli aliirudisha chini ya kiti cha pikipiki, akaipiga pikipiki teke kuiwasha, akaenda zake. Ndipo uliponijia ukashika mkono wangu, kwa sababu jiwe bado lilikuwa juu. "Mama, leta," ulisema, kama unavyosema leta sahani. Nikakupa.

Hospitali iliwalaza Mwakio na Benja wodi moja. Hakukuwa na nafasi kwingine. Kila nilipokwenda kumwona wangu nilipita kitandani kwa Benja, kichwa kimefungwa bendeji, mkewe akimnywesha uji kwa mrija. Mara ya kwanza nilipita bila kutazama. Mara ya pili mkewe akaniita.

"Mama Mghoi, mume wangu na yule mlinzi walikuwa wanakunywa chai pamoja kila asubuhi," akasema. "Yeye ndiye aliyemkuta pale mlangoni. Tangu siku hiyo alikuwa halali."

Nilisimama nikiwa na chupa ya chai mkononi. Nilitafuta lile neno la kumrudishia, nalo lilikuwepo, kwamba hata hivyo mume wako ni muuaji, na sikulitoa. Nikamwambia, "Nilimpiga akiwa ameshaanguka. Nilimpiga tena." Benja aligeuza uso kuelekea ukutani. Mkewe alipokea chai.

Mjomba wako alinishauri niandikishe polisi kwamba nilikuwa najitetea. Kila mtu angenielewa, alisema, hata hakimu. Pigo la kwanza lilikuwa la kujitetea, au la kumtetea Mwakio, sijui. La pili halikuwa. Niliandikisha hivyo. Mjomba wako alinuna mpaka Pasaka. Benja alipoweza kuongea akawaambia hataki kunishtaki, na kesi yangu ikaishia kwenye maridhiano mbele ya mahakama. Yake na wenzake iliendelea, na ilistahili kuendelea. Waliomuua mlinzi hawajajulikana mpaka leo.

Nilimtembelea Benja kibandani baada ya yeye kupewa dhamana. Alikuwa ameketi kwenye kisanduku, mashine ya kuchomelea haijawashwa. Taya lake halijarudi sawasawa, na nikilitazama nalijua pigo lake.

"Nilikuwa na uhakika, Madam," akaniambia. "Hilo ndilo linanisumbua. Si kwamba nilifikiria labda ni yeye. Nilijua ni yeye."

Nikamwambia, "Na mimi nilijua unastahili kufa."

Tulikaa. Sikumsamehe siku hiyo na yeye hakunisamehe. Alinipa maji, nikanywa, nikaondoka. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana kwa majina na kila mtu anashika njia yake, na nadhani tutaishia hapo.

Sasa Mwakio. Sikio la kushoto halisikii tena, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Unajua alikaa Rukanga kwa muda mrefu. Usilolijua ni kwamba nilimfuata, siku ile niliyokwambia nina mkutano Mwatate. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao akichambua ndengu kwa mkono wa kushoto, mlima Kasigau umesimama nyuma yake. Mama yake alinikaribisha vizuri mno, akanipa kiti kizuri, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenifukuza. Nilimwambia Mwakio mbele ya mama yake kwamba aliniambia nje si kuzuri na sikumsikiliza, kwamba alikuwa amesema kweli na mimi nikamtukana. Na kwamba zile karatasi zake za kwanza hazikuwa takataka. Zilikuwa kazi ya kweli, na mimi ndiye niliyemfanya aitupe.

Kisha akaniuliza, "Zile data za kwanza bado ziko?"

Nikamwambia ziko.

"Nilikuwa nadhani umezifuta."

"Mwakio, hukunisikia? Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekusikia, Madam. Hata kwa sikio hili moja nimesikia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama machoni. "Lakini msamaha nitaufikiria. Data nazitaka leo."

Alirudi, wewe ni shahidi. Aliandika sura ya makosa katika ripoti yetu, ile ndefu iliyokuchosha ukiipiga chapa kwa niaba yake, na ndani yake hakuficha hata jibu moja baya. Jibu letu lilikuwa mbali na la vitabuni, na tulisema hivyo, na tukasema ni mbali kiasi gani na kwa nini. Walimu wako wapya walipokuhoji waliuliza juu ya sura hiyo kuliko kitu kingine. Ulitoka ukinung'unika kwamba wamekuuliza kazi ya Mwakio tu. Nilifurahi sana, sikukwambia tu.

Mimi sijawa mtu mwingine, usidhani. Juzi tu msichana mmoja mgeni kwenye kundi ameniletea michoro iliyochafuka, na nikahisi lile neno likipanda kooni, limenolewa, tayari. Nimejifunza kukaa chini kwanza. Nikishakaa, nasema, nionyeshe karatasi iliyoharibika zaidi ya zote. Wanashangaa. Wengine hulia. Yule msichana aliitoa chini kabisa ya karatasi zake, imekunjwa mara mbili, na tulikaa nayo mchana kutwa. Sijui kama hiyo ni njia nzuri ya kufundisha. Najua tu kwamba nikisimama juu ya mtu, mkono wangu hutafuta kitu cha kushika, na wewe hutakuwepo tena kuniambia leta.

Huko utakuwa mgeni. Utapita mahali na mfuko begani na mtu atakutazama mara mbili, na hakutakuwa na mama wa mboga wa kukutambua uso. Nimewaza hilo tangu barua ya kukubaliwa ilipofika. Kuna siku nilisimama mlangoni kwako nikiwa nimeamua kukuomba usiende, nikakukuta unafanya hesabu sakafuni na kalamu iko mdomoni, nikajifanya nimekuja kuchukua ndoo. Pengine pia utakuwa upande ule mwingine. Utakuwa mwalimu, au mkubwa wa maabara, mtu amesimama mbele yako na viatu vyake ndivyo anavyotazama, na utajua kwa uhakika kabisa kwamba ana kosa. Siku hiyo nitakuogopea zaidi.

Nilitaka kumalizia kwa kukwambia kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia. Nakusikia pale getini, unacheka na mwenye bodaboda, umerudi. Kesho kwenye kituo cha treni nitakaa kimya na utadhani nina nguvu. Mwanangu, ninaogopa. Nenda hivyo hivyo.

Mama yako